Kupima Hatari Kabla ya Safari

(Mazungumzo ya asubuhi, kama yalivyosomwa redioni)

  

Asubuhi ya leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya kila siku, ingawa mara nyingi hatujui kuwa twalifanya. Kila siku twachagua ni hatari kiasi gani tutaikubali. Mtu apandaye matatu iliyojaa kupita kiasi amechagua. Mama aachaye jiko la makaa likiwaka chumbani usiku wa baridi, madirisha yamefungwa, amechagua. Mzee aliyeambiwa na daktari kwamba apasuliwe, naye akasema atangoja kwanza, huyo naye amechagua. Hakuna mtu aishiye bila hatari yoyote. Basi, kwa kuwa hatuwezi kuikwepa yote, yatupasa tujifunze kuipima.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikiongoza parishi yenye makanisa matano. Jumamosi moja nilikuwa na arusi asubuhi, na mazishi saa nane mchana. Arusi zetu mnazijua. Picha zilipokwisha ilikuwa saa saba na nusu, na mahali pa mazishi palikuwa umbali wa kilomita 18, barabara ya udongo. Nikamwita kijana mmoja wa bodaboda, mshiriki wa kanisa letu, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha katika darasa la kipaimara. Tukaondoka. Nikamwambia, "Kaza mwendo, kijana wangu, watu wanatungoja." Akakaza. Baadaye kidogo nikamwambia tena. Akanijibu kwa heshima, "Mchungaji, kona hii iliyo mbele ina changarawe." Nami nikasema, "Twende tu, Mungu yu pamoja nasi."

Tulianguka katika kona ile ile. Mimi nilichubuka mikono na kupasua suruali. Kijana alivunjika mguu chini ya goti. Kwa muda wa miezi minne hakuweza kupanda pikipiki yake, na nyumbani alikuwa na mama mjane na wadogo wawili shuleni, wote wakimtegemea yeye. Mazishi, yalingoja. Marehemu hakuwa na haraka. Haraka ilikuwa yangu mimi, lakini mguu uliovunjika ulikuwa wake.

Tangu siku hiyo nimejiuliza mara nyingi juu ya maneno yale niliyoyasema, "Mungu yu pamoja nasi." Je, ile ilikuwa imani? Twasoma katika Injili ya Mathayo, sura ya 4, jinsi Shetani alivyomchukua Bwana wetu mpaka juu ya kinara cha hekalu akamwambia ajitupe chini, akamkumbusha hata andiko la Zaburi juu ya malaika watakaomchukua mikononi. Andiko lilikuwa la kweli. Ahadi ilikuwa ya kweli. Lakini Bwana alikataa kuruka, akasema kwamba hiyo ni kumjaribu Mungu. Malaika hawakuwekwa ili kutupunguzia kazi ya kushuka kwa ngazi. Nilipomwambia kijana yule "Mungu yu pamoja nasi," sikuwa nikimtumaini Mungu. Nilikuwa nikimtumia ili kufunika uchelewaji wangu.

Tunayo pia methali tunayoipenda sana, isemayo ajali haina kinga. Methali hii ni nzuri, lakini ina mahali pake. Mahali pake ni msibani. Twamwambia mwenzetu aliyepatwa, ili asijitese moyo kwa jambo ambalo hakuweza kulizuia. Haikuwekwa ili kumpa ruhusa mtu ambaye bado hajaondoka nyumbani. Na kwa kweli ajali nyingi zina kinga, ijapokuwa si kinga kamili. Kofia ya usalama ya mwendesha pikipiki, iliyo nzima na iliyofungwa vizuri kidevuni, hupunguza hatari ya kufa ajalini kwa kama asilimia 40, na hatari ya kuumia kichwa kwa kama asilimia 70. Mkanda wa usalama katika kiti cha mbele cha gari hupunguza hatari ya kufa kwa karibu nusu. Waisraeli walipoamriwa juu ya nyumba mpya, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, hawakuambiwa waombe tu mtu asianguke kutoka darini. Waliambiwa wajenge ukuta mdogo kuizunguka dari. Kwa hiyo kujikinga si upungufu wa imani. Ni utii.

Sasa tumtazame Mtume Paulo, maana nadhani hakuna aliyeijua hatari kuliko yeye. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, alikuwa safarini kwenda Rumi akiwa mfungwa. Majira ya safari yalikuwa yamepita, na bahari imekuwa mbaya. Paulo akawaonya wasiendelee. Lakini nahodha na mwenye merikebu walitaka kuendelea, kwa sababu bandari ile haikuwa nzuri ya kukaa wakati wa baridi, na wengi wakaunga mkono. Kisha upepo laini wa kusini ukavuma, wakadhani mambo yamekuwa mazuri. Muda si mrefu ikaja tufani. Watu 276 waliokuwamo waliokoka wote kwa rehema ya Mungu, lakini merikebu na shehena vilipotea.

Lakini Paulo huyu huyu, sura chache nyuma, aliambiwa na nabii Agabo kwamba akienda Yerusalemu atafungwa, na ndugu wakalia wakimsihi asiende, naye akaenda. Tena huyo huyo, katika sura ya 9, alipotafutwa auawe Dameski, hakusimama mlangoni pa mji kuonyesha ushujaa. Aliteremshwa ukutani usiku ndani ya kapu, akakimbia.

Je, Paulo alikuwa mwoga au shujaa? Wala si mwoga wala si mpenda hatari. Alipima. Hakutaka watu wafe baharini kwa ajili ya bandari nzuri zaidi. Hakuona sababu ya kufa Dameski kabla hajaianza kazi aliyoitiwa. Lakini kwa ajili ya wito wake alikuwa tayari kufungwa, na hata kufa. Hatari ilikuwa ile ile, ya kupoteza maisha. Kilichotofautiana ni kile ambacho kingepatikana.

Basi, mpenzi msikilizaji, nataka nikupe maswali manne ya kujiuliza. Si magumu. Waweza kuyauliza ukiwa umesimama kituoni ukingoja gari.

Swali la kwanza: Mambo yakiharibika, je, yaweza kutengenezwa? Kuna hasara ambazo mtu huzilia mwaka mmoja kisha akainuka. Ukipanda mahindi kabla ya mvua kuwa ya hakika na mbegu ikaoza, umepoteza, lakini utapanda tena. Uhai haupandwi tena. Siku ya Jumamosi, tarehe 4 Desemba mwaka 2021, basi lililojaa watu, wengi wao wanakwaya waliokuwa wakienda arusini, lilijaribu kuvuka Mto Enziu uliofurika, karibu na Mwingi katika kaunti ya Kitui. Lilisombwa, na watu zaidi ya 30 wakafa. Siwasimulii haya ili nimhukumu mtu. Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kusimama ukingoni akasema, "Twaweza kupita"? Nasema haya ili tujue maji yalivyo. Maji yaendayo kasi, yenye kina cha sentimeta 15 tu, yaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimeta 30 zaweza kuinua gari dogo, na sentimeta 60 zaweza kuchukua magari mengi, hata makubwa kiasi. Sababu ni kwamba maji huliinua gari, magurudumu yakapoteza nguvu ya kushika chini, kisha mkondo ukalisukuma. Tena maji ya matope huficha chini yake. Hujui kama barabara ingalipo au imekwisha kuchukuliwa. Arusi yaweza kungoja mpaka jioni, au mpaka kesho. Pale ambapo hasara haiwezi kutengenezwa, hata nafasi ndogo ya kuipata ni kubwa mno.

Swali la pili: Je, nitafanya jambo hili mara moja au kila siku? Hapa ndipo wengi wetu tunapodanganyika. Mtu husema, "Nimepita hapa miaka yote, sijapatwa na neno." Tuseme kwamba katika kila safari 10,000 za namna fulani, moja huleta ajali. Wasema, hiyo ni ndogo sana. Ni kweli, kwa safari moja. Lakini mtu aendaye kazini na kurudi, siku 300 kwa mwaka, hufanya safari 600. Kwa miaka kumi hufanya safari 6,000. Ukiwatazama watu 100 wa namna hiyo mwishoni mwa miaka kumi, kama 45 kati yao watakuwa wamepatwa na ajali angalau mara moja. Hatari ndogo irudiwayo kila siku yageuka kuwa hatari kubwa, kama vile shilingi kumi kumi za chama cha akina mama zigeukavyo kuwa mabati ya nyumba nzima. Kwa hiyo, ukitaka kuwa na bidii ya kujikinga, usianze na mambo ya ajabu yatokeayo mara moja. Anza na yale uyafanyayo kila siku: barabara uivukayo, kiti ukaliacho, jiko uliwashalo. Jiko la makaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtu aliyelala haamki kuikimbia. Kulitoa jiko nje kabla ya kulala hakugharimu hata senti moja.

Swali la tatu: Napata nini, na je, hicho siwezi kukipata kwa njia nyingine? Tufanye hesabu ya mwendo. Safari ya kilomita 60, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio kipimo cha magari ya abiria hapa kwetu, huchukua dakika 45. Dereva akikaza mpaka kilomita 100 kwa saa, huchukua dakika 36. Amepata dakika tisa. Na amelipa nini? Nguvu ya gari katika mgongano haiongezeki sawa na mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu huwa mara nne. Hata katika hiyo tofauti ya 80 na 100, nguvu ya mgongano imezidi kwa zaidi ya nusu. Kwa dakika tisa! Na hizo dakika tisa zingepatikana bure kama tungeondoka nyumbani mapema. Wazee walisema, kawia ufike. Kila mwaka, katika miaka hii ya karibuni, watu zaidi ya 4,000 wamekufa katika barabara za Kenya, na wengi wao ni watu waendao kwa miguu na wa pikipiki. Sijui ni wangapi waliokuwa wakitafuta dakika tisa.

Wako pia wanaotafuta fedha. Mwezi Januari mwaka 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachang'wan, karibu na Molo. Watu walikimbilia na mitungi na madebe kuteka mafuta. Moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Hatuwezi kuwacheka watu wale. Wengi walikuwa maskini, na debe la mafuta lilikuwa mshahara wa siku nyingi. Umaskini husogeza mizani ya mtu. Ndiyo maana sisi tulio na nafasi tusiridhike kuwahubiria maskini juu ya tahadhari tu. Yatupasa pia kuwasaidia wasilazimike kuchagua kati ya njaa na moto. Hata hivyo, debe moja la mafuta halina bei ya uhai wa baba wa watoto.

Swali la nne, nalo kwangu ndilo zito zaidi: Je, ni nani atakayelipa? Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 23, Mfalme Daudi alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu, mji uliokuwa mikononi mwa Wafilisti. Mashujaa wake watatu wakapenya kambi ya adui, wakayateka, wakamletea. Daudi alipoyaona hakuyanywa. Aliyamwaga mbele za Bwana, maana aliyaona kuwa ni kama damu ya watu wale waliohatarisha maisha yao kwa sababu ya kiu yake. Ndugu zangu, mimi niliyanywa maji yale. Kijana alihatarisha maisha yake kwa sababu ya saa yangu, nami nikamhimiza aongeze. Tajiri amwambiaye fundi apande juu bila kamba, abiria amwambiaye dereva "wahi, wahi," mzazi ampakiaye mtoto mbele ya pikipiki, wote hao wanatumia mali ya mwingine. Mtu ana haki fulani ya kuhatarisha kilicho chake. Kuhatarisha cha mwenzake bila kumwuliza ni jambo jingine kabisa. Tena mtu mwenye cheo, kama mchungaji, mwalimu au mwajiri, akiomba, yule aliye chini yake haoni njia ya kukataa.

Sasa nisieleweke vibaya. Kuna watu ambao, wakisikia mazungumzo kama haya, wataamua kujifungia ndani. Huko nako kuna hatari. Mama mwenye uchungu anayetokwa na damu usiku wa manane hapaswi kungoja mapambazuko kwa kuwa barabara ni mbaya usiku. Kukaa ni hatari zaidi kuliko kwenda. Yule mzee aogopaye kupasuliwa yampasa amwulize daktari maswali mawili: hatari ya kupasuliwa ni ipi, na hatari ya kutopasuliwa ni ipi? Kutofanya neno pia ni uamuzi, na pia kuna gharama.

Tena ziko hatari ambazo Mkristo hapaswi kuzikimbia. Mwaka 2000 ugonjwa wa Ebola ulilipuka Gulu, kaskazini mwa Uganda. Dakta Matthew Lukwiya, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya Lacor, alikuwa Kampala masomoni. Alirudi. Hakurudi kwa pupa. Alitenga wodi ya wagonjwa wale, akasisitiza watumishi wavae glavu, vazi la kujikinga na kinga ya uso, akawatia moyo wauguzi ambao wenzao walikuwa wakifa. Usiku mmoja muuguzi mgonjwa alikuwa akitokwa na damu na kuhangaika, naye daktari akaamka akakimbia kumsaidia, bila kufunika macho. Alifariki tarehe 5 Desemba mwaka huo. Katika mlipuko ule watu 425 waliugua na 224 wakafa. Na kama si kazi ya watu wa namna yake, nadhani wangekufa wengi zaidi.

Nimewasimulia habari hii kwa sababu hainipi jibu rahisi. Mtu yule alikuwa mwangalifu kuliko wengi wetu, na bado alikufa. Kupima hatari hakutupi ahadi ya kufika salama. Kunatupa jambo moja tu: tukipatwa, tusipatwe kwa ajili ya upuuzi. Dakta Lukwiya alipatwa kwa ajili ya mwenzake aliyekuwa akifa. Mimi ningalikufa kwa ajili ya picha za arusi zilizochukua muda mrefu. Wala hizo si hatari za namna moja mbele za Mungu.

Nimalize kwa habari ya kijana wangu. Nilikwenda kwao nikamwomba msamaha mbele ya mama yake. Mama alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mchungaji, ulipokuja kutuambia ameanguka, ulisema ni ajali. Leo umesema ukweli. Sasa naweza kukusamehe." Wazee wa kanisa walichanga karo ya wadogo zake kwa muhula mmoja, nami nilitoa fungu langu. Mguu ulipona, ingawa hutembea akichechemea kidogo wakati wa baridi. Katika parishi yetu tuliamua jambo dogo: kasisi hawekewi arusi na mazishi katika siku moja pasipo saa tatu katikati, na yeyote ambebaye kasisi ana ruhusa ya kumwambia, "Tupunguze mwendo," naye kasisi atanyamaza.

Juma hili, mpenzi msikilizaji, chagua jambo moja tu la hatari ulifanyalo kila siku. Lipime kwa maswali yale manne: Je, likiharibika litatengenezeka? Je, nalirudia mara ngapi? Je, napata nini? Je, nani atalipa? Ukiona halifai, liache. Ukiona lafaa, lifanye kwa moyo mkuu, ukiwa umejikinga kadiri uwezavyo.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliyetupa uhai wetu na uhai wa majirani zetu, utupe akili ya kuutunza, na moyo wa kuutoa pale tu unapotuita. Uwalinde madereva, watembeao kwa miguu, vijana wa pikipiki, wauguzi na mafundi. Utusamehe pale haraka yetu ilipomwumiza mwingine. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki. Nendeni salama, na mwende polepole.